Ukitaka kuufahamu usuhuba wa Joey na Chandler, itizame meza yao

Vijana wa maskani yetu hapa Wete huitizama Friends, tamthilia ya kuchekesha ya Marekani, kwenye simu, kipande kimoja kimoja, wakacheka wakapita. Wengi huniambia Joey na Chandler, masahibu wawili wanaokaa nyumba moja humo, ni wale wale toka mwanzo hadi mwisho. Sikubali, na nitakuonyesha pa kutizama.

Ina misimu 10 na vipande 236, kutoka 1994 hadi 2004. Huna haja ya kuvimaliza vyote. Wala usiyategemee maneno yao, maana wanaume hawa wakipendana hufanya mzaha. Fuata vitu vya nyumbani mwao. Anzia msimu wa 1, pale meza ya kulia inapovunjika, wao wakanunua ile yenye vijiti vya wachezaji wa mpira. Mtizame Chandler anavyosita kununua kitu kwa shirika. Msimu wa 2 Joey anahama, kisha anarudi, hapo pita.

Msimu wa 4 usiupite mbio. Chandler anambusu Kathy, na Kathy wakati ule ni wa Joey. Anataka kulipa kosa kwa kujaza nyumba samani mpya, Joey hazitaki. Mwisho Chandler anakubali kufungiwa ndani ya sanduku la mbao siku ya sikukuu, asiruhusiwe kusema neno. Wewe mwangalie Joey: muda ule wote yumo chumbani, amekasirika, lakini hakuondoka. Na ni yeye anayemfungulia na kumwambia amkimbilie Kathy. Kwangu mimi, usuhuba wao umezaliwa upya hapo. Kabla ya hapo walikuwa wakikaa pamoja tu.

Msimu wa 5 Joey ndiye wa kwanza kuijua siri ya mapenzi ya Chandler na Monica, jirani na rafiki yao, akaibeba.

Kisha nenda msimu wa 6, usiku wa mwisho kabla Chandler hajahamia kwa Monica. Joey atabaki na kodi peke yake na fedha hana, naye hapokei sadaka. Chandler anabuni mchezo wa karata usiokuwa na kanuni, ili Joey ashinde tu. Huku kwetu mtu humlipia sahibu yake kahawa barazani kimya kimya, mwenyewe akija akaambiwa imeshalipwa. Ukilijua hilo, kipande hiki utakielewa kuliko wenyewe Marekani.

Msimu wa 7 Joey ndiye anayemfungisha Chandler ndoa.

Kipande cha mwisho, kifaranga na bata wamenasa ndani ya meza ile ile ya msimu wa 1. Lazima ivunjwe. Wote wawili inawashinda, anaivunja Monica. Na ni Monica anayemwambia Joey kwamba katika nyumba mpya, yake na Chandler, kutakuwa na chumba cha Joey.

Ile tamthilia ya Joey peke yake, ya 2004 hadi 2006, usiiunganishe na hii. Chandler hayumo.