Namna ya Kurekodi Simulizi za Maisha ya Wahamiaji Kuchu na Watoto Wao

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kukaa na mhamiaji anayependa watu wa jinsia yake, au aliyebadili jinsia, na kurekodi maisha yake kwa sauti yake mwenyewe, awe huyo anayerekodi ni mwanafunzi, mwanaharakati, rafiki au mwanawe wa kumzaa. Nitatumia neno kuchu, ambalo wengi wao kutoka Uganda na Kenya hulitumia baina yao, lakini wewe utatumia lile atakalolichagua msimulizi wako, na asipotaka jina lolote usimbandike. Mifano yangu inatoka kwa watu wa Afrika Mashariki walioondoka makwao wakapitia Nairobi au kambi ya wakimbizi ya Kakuma kule Turkana, kaskazini mwa Kenya, kisha baadhi yao wakafika Kanada, Marekani, Uingereza au Uholanzi.

Kabla ya yote, elewa kwamba mtu huyu amekwisha kuyasimulia maisha yake mara nyingi kabla hujafika. Ameyasimulia kwa polisi, kwa afisa wa UNHCR, yaani shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, kwa wakili, kwa afisa wa uhamiaji, na pengine kwa mwandishi wa habari aliyekuja Kakuma kwa siku moja akaondoka na picha. Kila mara alitakiwa athibitishe jambo. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unamtaka aonyeshe hofu yenye msingi ya kuteswa, kwa hiyo wakili mwema humfundisha kupanga maisha yake kwa kufuata mateso: lini alijitambua, nani alimgundua, nani alimpiga, alitoroka vipi. Nchini Uingereza, wakili S. Chelvan alitunga utaratibu wa kuuliza wenye hatua nne, yaani tofauti, unyanyapaa, aibu na madhara, ili kuwaondoa maafisa kwenye maswali ya chumbani, na umewasaidia wengi kupata hifadhi. Hata hivyo, mtu aliyeishi miaka kadhaa akiyarudia maisha yake kwa mpangilio huo huanza kuyakumbuka hivyo hivyo, na ukimwambia tu "nieleze maisha yako" atakupa faili lake. Mwongozo wote huu unahusu namna ya kumfungulia njia ya kusema yaliyobaki nje ya faili, bila kumharibia faili lenyewe wala kumweka hatarini yeyote aliyebaki nyumbani.

Kabla ya kuwasha kinasa sauti

Uliza kesi yake imefikia wapi. Ikiwa ombi la hifadhi bado halijaamuliwa, ushauri wangu ni kusubiri, hata kama kusubiri huko kutachukua miaka. Mtu anaposimulia kwa uhuru huchanganya tarehe, huruka matukio, hutaja mpenzi ambaye hakumtaja mbele ya afisa kwa sababu alikuwa anamlinda. Hayo ni maumbile ya kumbukumbu, lakini afisa anayetafuta sababu ya kukataa huyaita uongo, na rekodi yako ikimfikia inaweza kugeuka kuwa ushahidi dhidi ya mtu uliyetaka kumheshimu. Msimulizi akisisitiza kurekodiwa kabla ya uamuzi, azungumze kwanza na wakili wake, kisha mbaki kwenye mambo yaliyo mbali na kesi: utotoni, chakula, kazi, maisha ya sasa.

Baada ya kesi, tazameni sheria ya nyumbani, kwa sababu adhabu huwaangukia waliobaki. Sheria ya Uganda iliyotiwa saini Mei 2023 inaruhusu kifungo cha maisha kwa mapenzi ya jinsia moja na hadi miaka 20 kwa kile inachokiita kukuza ushoga. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vichache, kikiwemo kile kilichowalazimisha raia kuripoti, lakini sehemu kubwa iliachwa kama ilivyo. Tanzania ina kifungo cha miaka 30 hadi maisha chini ya kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu; Kenya ina miaka 14, na Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa kuvifuta vifungu hivyo tarehe 24 Mei 2019. Kwa hiyo usimwombe dada yake aliyeko Kampala akutafutie picha za zamani, wala usimtumie binamu yake aliyeko Dar es Salaam kipande cha sauti ili ahakiki jina la mtaa. Kazi ya namna hiyo ifanywe na msimulizi mwenyewe, kwa njia anayoiamini, au isifanywe kabisa.

Kuficha jina peke yake hakutoshi. Sauti hutambulika, na jina la shule, kanisa, kijiji, tarehe ya kukamatwa, au maelezo ya ajali ambayo kila mtu mtaani anaikumbuka humtaja mtu kama vile umeandika jina lake. Kaeni pamoja kabla ya kurekodi na mwandike orodha ya mambo yasiyotamkwa, kisha orodha ya pili ya mambo yanayoweza kutamkwa lakini yatafutwa baadaye. Rekodi ihifadhiwe kwenye kifaa kilichofungwa kwa nywila, na karatasi inayounganisha jina halisi na jina la kupanga ikae mahali pengine kabisa. Ukipiga picha kwa simu, zima huduma ya mahali, kwa sababu picha hubeba ndani yake alama za pale ilipopigwa.

Ridhaa inahitaji subira zaidi ya mambo mengine yote, na hapa ndipo nimeona watu wenye nia njema wakiharakisha. Usiridhike na sahihi moja mwanzoni. Mweleze msimulizi, kwa lugha anayoiota usiku, kwamba kuna hatua tofauti na anaweza kukubali moja akakataa nyingine: kurekodiwa, kuandikwa, kusomwa na watafiti, kusikika hadharani, kuwekwa kwenye intaneti. Mwambie kwamba anaweza kujiondoa, na umwambie pia ukweli kwamba kitu kikishawekwa kwenye intaneti kujiondoa kunakuwa kwa jina tu. Kama karatasi yenye jina lake ni hatari, rekodi ridhaa kwa sauti. Sheria zinamuunga mkono: kanuni za ulinzi wa data za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika Mei 2018, pamoja na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, zote zinahesabu mwelekeo wa mapenzi kuwa taarifa nyeti inayohitaji ulinzi wa pekee.

Ikiwa mnahitaji mkalimani, achaguliwe na msimulizi. Mkalimani wa Kiswahili katika mji wa ugenini mara nyingi husali msikiti au kanisa lile lile, na jumuiya zetu huko nje ni ndogo. Uliza pia kama Kiswahili ndicho anachokitaka. Kwa Mrundi au Mganda aliyejifunza Kiswahili Nairobi, huenda hiyo ndiyo lugha ya kuomba kazi na kujibizana na askari, ilhali mapenzi yake yote yalifanyika kwa Kirundi au Kiganda.

Mazungumzo yenyewe

Anza na leo. Muulize anaishi na nani, nani hupika, Jumapili au Ijumaa yake huwa vipi, nani humpigia simu. Maswali haya hayana alama mbele ya afisa yeyote, ndiyo maana majibu yake huja na uhai. Kutoka hapo rudi nyuma polepole, ukifuata watu badala ya matukio: nani alikufundisha kusuka, ulicheza na nani, nani wa kwanza kukucheka kwa upendo, jirani gani alijua akanyamaza. Utashangaa ni shangazi na bibi wangapi waliojua na kulinda, ingawa faili la hifadhi huwaacha nje kwa sababu wema wao hauthibitishi hatari.

Uliza kuhusu pesa. Hili ni eneo tajiri ambalo wengi hulipita. Kuna watu wengi waliofukuzwa nyumbani ambao leo hutuma fedha kila mwezi kwa familia ile ile, wakilipa karo ya mdogo wao, dawa za baba, bati la nyumba ambayo hawataruhusiwa kulala. Usiharakishe kuliita jambo hilo unyonge au msamaha. Mwache aseme mwenyewe fedha hizo zinanunua nini: nafasi ya kusikia sauti ya mama, haki ya kuulizwa kabla ya shamba kuuzwa, au utulivu wa moyo tu. Muulize vilevile kuhusu misiba aliyoikosa, na swali la "utaoa lini?" au "utaolewa lini?" hujibiwa vipi kwenye simu.

Uliza kuhusu imani bila kudhani jibu. Wapo walioacha dini kwa maumivu, wapo wanaosali kila siku kwa uaminifu kuliko waliowafukuza, na wapo waliopata kusanyiko jipya ugenini linalowapokea. Uliza kuhusu familia walizojitengenezea: katika nyumba za pamoja za wakimbizi jijini Nairobi, ambako wengi walikimbilia baada ya sheria ya kwanza ya Uganda kutiwa saini Februari 2014, watu walipeana nafasi za mama, dada na mtoto, wakagawana zamu za jikoni na za kulinda mlango. Mtu anapoitwa mama na vijana waliotupwa na mama zao, hayo ni maisha kamili yanayostahili saa nzima ya kurekodi.

Kuhusu tendo la ndoa, usiulize. Tarehe 2 Desemba 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba maafisa hawaruhusiwi kumhoji mwomba hifadhi kwa undani juu ya matendo yake ya kimapenzi, wala kupokea picha au vipimo vya aibu kama ushahidi. Asiye afisa hana udhuru wa kumfanyia mtu lile ambalo afisa amekatazwa. Msimulizi akilileta mwenyewe, sikiliza kama unavyosikiliza mengine.

Yakija mateso, nayo hayana budi kuja, usiombe maelezo zaidi ya anayotoa. Waliokuwa Kakuma mwaka 2021, moto uliporushwa walipolala wakimbizi kuchu na kijana mmoja akafariki kwa majeraha, hawana haja ya kukupigia picha ya usiku ule. Zima kinasa sauti, mnywe chai, muulize kama anataka kuendelea siku nyingine. Panga tangu mwanzo ni nani atakuwa naye jioni ile baada ya wewe kuondoka.

Watoto

Watoto wa kuchu ni wa namna nyingi, na mara nyingi husahauliwa. Wapo waliozaliwa katika ndoa ambayo mzazi alilazimishwa, wakaachwa kwa bibi, wakamfuata miaka mingi baadaye. Wapo waliozaliwa ugenini na kulelewa na mama wawili. Wapo pia walio kuchu wenyewe, ambao wazazi wao walihama kwa sababu ya vita vya Kongo, au kwa sababu ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na ambao wanabeba uhamiaji wa wazazi pamoja na siri yao wenyewe.

Ruhusa ya mzazi haitoshi. Mtoto aulizwe peke yake, kwa maneno ya umri wake, na kikao chake kisiwe sebuleni huku mzazi akisikiliza. Hakikisha kwanza anajua nini, kwa sababu ni ukatili mtoto kuupata ukweli wa mama yake kutoka kwenye swali la mgeni. Baada ya hapo, kubali kwamba simulizi yake haitalingana na ya mzazi. Mama anaweza kukumbuka kuondoka kwake kama kuokoka; binti aliyebaki anaweza kukumbuka miaka aliyoambiwa kwamba mama amekwenda kazini. Usiwapatanishe. Weka zote mbili, kila moja na ridhaa yake, na usimsomee mmoja maneno ya mwenzake bila kuruhusiwa.

Kuna hatari moja ya kisheria hapa. Mtoto ambaye mzazi hakumtaja katika ombi lake la awali anaweza kukataliwa kuunganishwa naye baadaye, na wapo wazazi walionyamaza kwa hofu. Jina la mtoto wa aina hiyo lisiingie kwenye rekodi kabla wakili hajashauri.

Baada ya kurekodi

Andika maneno kama yalivyosemwa. Kiswahili cha Bukavu kibaki cha Bukavu, na cha mitaa ya Eastleigh kibaki hivyo; usikisanifishe ili kipendeze kwa msomaji wa Unguja. Mrudishie msimulizi maandishi yote, au msomee kama hasomi, naye afute atakacho bila kukueleza sababu. Mlipe muda wake na nauli yake.

Makavazi yanayopokea kumbukumbu za namna hii yapo: GALA jijini Johannesburg, iliyoanza 1997, The ArQuives jijini Toronto, iliyoanza 1973, IHLIA jijini Amsterdam, na Bishopsgate Institute jijini London. Kabla ya kukabidhi, uliza kwa maandishi nani anaweza kufungua faili, kama linaweza kufungwa kwa miaka anayoitaka msimulizi, na kama linaweza kurudishwa.

Mwisho, mwambie ataje nani atakuwa na kauli juu ya rekodi akishafariki. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 na ambaye familia yake ilihamia Uingereza baada ya Mapinduzi, alifariki Novemba 1991 akiwa amesema machache sana hadharani kuhusu kisiwa hicho; mwaka 2006 sherehe iliyopangwa huko kwa kumbukumbu ya miaka 60 ya kuzaliwa kwake ilifutwa baada ya Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, kuipinga kwa sababu ya mapenzi yake ya jinsia moja. Waliobaki ndio wanaobishana juu yake. Kwa mtu asiye na jina kubwa, mrithi wa kisheria huenda akawa kaka aliyemfukuza, naye anaweza kudai rekodi ili aiharibu. Hivyo msimulizi aandike jina la mpenzi wake, la mwanawe, au la yule dada wa Nairobi asiye wa damu, karatasi hiyo ishuhudiwe na watu wawili, nakala moja ibaki kwake na nyingine iende makavazini pamoja na sauti.