Kusimamia mashindano ya upinde ya kaunti bila mtu kuumia na bila vita vya pointi

Kama klabu yenu imepewa kuandaa mashindano ya upinde ya kaunti au ya mkoa na wewe ndio umeangukiwa na kazi ya ujaji, soma hii kabla ya siku yenyewe. Naongelea mashindano ya uwanjani, si ya ukumbini, na sheria ni zile za World Archery, shirikisho la dunia lenye makao Lausanne ambalo wazee wengine bado wanaliita FITA. Kitabu chao cha sheria kiko bure kwenye intaneti, kipakue kikae kwa simu. Na huu mchezo kwetu si wa jana, Kenya ilikuwa na Shehzana Anwar Olimpiki ya Rio 2016 na ndiye alibeba bendera siku ya ufunguzi, kwa hivyo wale vijana unaowasimamia wakikuuliza kwa nini unawabana hivyo una jibu.

Shida ni kwamba kile kitabu kinamfikiria mtu mwenye uwanja wa maana, taa za rangi, saa kubwa na majaji wa kutosha, na sisi tuna uwanja wa shule, filimbi, na majaji wawili ambao mmoja wao amecheleweshwa na matatu. Kitabu kinataka angalau jaji mmoja kwa kila shabaha kumi, hiyo mnaweza kuitimiza hata mkiwa wachache. Mengine mengi inabidi uyapange mapema, na kwa maoni yangu kazi kubwa ya jaji wa ngazi hii inafanyika asubuhi kabla mshale wa kwanza haujatoka. Uwanja ukipangwa vibaya hakuna filimbi itakuokoa saa sita mchana.

Anza nyuma ya shabaha

Ukifika usianze na meza ya chai wala kupanga majina, enda moja kwa moja hadi nyuma ya shabaha na uendelee kutembea. Unatafuta njia ya mkato. Kila uwanja wa shule una njia ya mkato, kuna mama anapita kwenda sokoni, kuna watoto wa Sunday skuli, kuna mbuzi, kuna kijana wa boda anayeijua hiyo njia kuliko hata mwalimu mkuu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeona ratiba yako.

Hesabu ya eneo la nyuma huwa inachanganya watu kwa sababu inaenda kinyume na wanavyodhani. Shabaha ikiwa mita 90 unaacha mita 50 tupu nyuma yake, ikiwa 70 unaacha 70, ikiwa 30 unaacha 110. Yaani ukijumlisha ni mita 140 kutoka mstari wa kupigia kila mara, kwa hivyo ukisogeza shabaha karibu kwa ajili ya watoto eneo la hatari la nyuma linakua. Mshale wa rikavu, upinde wenye ncha zilizopinda mbele, unaweza kuzidi kilomita 200 kwa saa na kompaundi, ule wa magurudumu, iko juu zaidi, ukipita juu ya shabaha hauanguki hapo tu. Unaruhusiwa kupunguza hizo mita kama kuna tuta la udongo au wavu wa kweli ambao ni mrefu vya kutosha kukamata mshale uliopita juu kidogo ya shabaha. Ua wa michongoma haihesabiki, hata kama mwenyeji ataapa kwamba haijawahi kupitisha kitu.

Pembeni acha mita 20 kila upande na ufunge kamba au utepe. Kwenye ile njia ya mkato weka mtu mzima kila upande, na bendera nyekundu na filimbi yake, na awe ni mtu ambaye hana mtoto anayeshindana maana atageuka kuangalia. Mbadilishe kila baada ya saa mbili na umpelekee maji na mandazi, nasema hivi kwa sababu walinzi wa njia ndio watu wa kwanza kusahaulika na wakisikia njaa wanaondoka.

Mistari sasa. Mstari wa kupigia, kisha mita 3 mbele yake unachora mstari mwingine ambao kazi yake nitaieleza chini, kisha mita 5 nyuma ya mstari wa kupigia ndio mstari wa kusubiria, na watazamaji wanakaa angalau mita 10 nyuma ya huo. Wazazi wataulizia kama wanaweza kusogea kidogo wapige picha. Hapana. Shabaha zielekee kaskazini au kusini ikiwezekana, kwetu hapa karibu na ikweta ukielekeza magharibi saa kumi jioni watu wanapiga wakiwa wamefumba macho nusu. Zilale kidogo kwa nyuma, digrii 10 hadi 15, katikati ya ile dhahabu, duara la njano la kati, iwe sentimita 130 kutoka chini, halafu zifungwe kwa kamba na vigingi kwa sababu upepo ukiangusha shabaha yenye mishale kumi na miwili ndani umeharibu pesa za watu. Pima umbali kwa tepu, si kwa hatua: kwenye mita 70 unaruhusiwa kukosea sentimita 30, kwenye 50 ni sentimita 15 tu.

Kukagua vifaa

Hii wengi wanaifanya kama desturi tu, wanaangalia upinde wanasema sawa pita. Uzi ukague kwa kidole, ukiona nyuzi zimeanza kukatika usimruhusu. Upinde wa kompaundi mwisho ni paundi 60 za nguvu ya kuvuta, kwa hivyo uwe na mizani. Mishale isizidi unene wa milimita 9.3 na kila mmoja uwe na jina au herufi za mwenyewe, na ile ya mkupuo mmoja, yaani inayopigwa kwa zamu moja kabla ya kwenda kuichomoa, ifanane. Mshale wa kaboni upinde taratibu kwa mikono huku umeusogeza sikioni, ukisikia inalia au ukiona mpasuko ni wa kutupwa, kaboni ikipasuka wakati wa kuachia vipande vinaingia kwenye mkono wa mtu.

Kwa watoto angalia jambo moja zaidi, urefu wa mshale. Mtoto ameazima mishale ya binamu yake, ni mifupi, anavuta hadi kidevuni na ncha inaingia nyuma ya kitu cha kuwekea mshale, akiachia inaenda kwenye mkono wake mwenyewe. Mwambie avute mbele yako akiwa kwenye mstari bila kuachia, ukiona ncha inakaribia mkono basi hapigi na hiyo. Na akitokea mzee na upinde wake wa asili na mishale ya vyembe vya chuma vya kuwindia mheshimu sana, mpe kiti na soda, lakini vile vyembe havipigwi kwenye shabaha ya mashindano.

Filimbi

Mtu mmoja tu anaongoza upigaji na hafanyi kazi nyingine, hahesabu pointi, hajibu simu. Milio iko hivi: miwili watu waende kwenye mstari, baada ya sekunde 10 mmoja waanze, mitatu wakachukue mishale. Mitano au zaidi mfululizo ni hatari, kila mtu anaacha hapo hapo, hata aliyekuwa amevuta hadi mwisho anashusha na kurudisha mshale kwenye podo. Kabla ya mishale ya mazoezi piga ile mitano makusudi uone nani anashusha na nani anamalizia tu huu mmoja. Huyo wa kumalizia ongea naye pembeni mapema.

Kama hamna taa za kuonyesha muda tengenezeni bango la mbao, sentimita 120 kwa 80, upande mmoja mistari ya njano na nyeusi na upande wa pili njano tupu. Upande wa mistari unawaelekea wapigaji, zikibaki sekunde 30 unageuza njano. Fundi wa mtaani anaimaliza siku moja.

Kabla ya ile milio mitatu angalia mstari kutoka mwisho hadi mwisho kwa macho yako. Usihesabu vichwa, kwa sababu mpigaji wa kiti cha magurudumu anaruhusiwa kubaki kwenye mstari, unachotafuta ni upinde wowote ambao bado una mshale.

Jaji wa mstari kazi yake ni kuangalia mikono. Kuna wale wanaovuta wakiwa wameelekeza upinde juu mawinguni halafu wanashuka nao hadi kwenye shabaha, wanadhani inapendeza. Mshale ukimponyoka hapo juu unaenda mbali kuliko eneo lako lote la usalama. Mwambie mara moja kwa upole, akirudia anatolewa kwenye mstari, na sheria iko nyuma yako kabisa. Pia hakuna kuvuta upinde mahali popote isipokuwa kwenye mstari, hata bila mshale, hata kumuonyesha binamu.

Kwenye shabaha

Watu wengi wanaogopa mstari wa kupigia lakini mimi naogopa zaidi pale wote wanapotembea kwenda kuchukua mishale, sababu kila mtu ameshapumua na anaongea. Marufuku kukimbia. Mikia ya mishale imetokeza usawa wa kifua na macho ya mtoto, na anayejikwaa anaangukia hapo hapo. Wakati wa kuchomoa anachomoa mmoja, mkono mmoja umekandamiza karatasi na mwingine umeshika mshale karibu na shabaha, na kabla hajavuta anageuka kuangalia nyuma yake, wengine wanasimama pembeni si nyuma. Ukiona kundi limemzunguka anayechomoa lisogeze, usione aibu.

Hauguswi mshale wala karatasi mpaka pointi zote zimeandikwa, hili ndilo linazuia ugomvi zaidi ya kitu kingine chochote. Mwenye mishale anataja kuanzia kubwa kwenda ndogo, wenzake wanaangalia na kuandika. Mshale ukigusa mstari unaotenganisha rangi au duara unapewa pointi ya juu. Wakibishana wanakuita wewe, na ukiitwa fanya hivi: uliza ni mshale gani, hakikisha hakuna aliyeugusa, toa lenzi, angalia upande wa kushoto, angalia upande wa kulia, usiegemee karatasi, taja pointi mara moja kwa sauti halafu ondoka. Usieleze. Ukianza kueleza umefungua kikao, na uamuzi wa jaji juu ya thamani ya mshale hauna rufaa. Marekebisho kwenye kadi wote wa shabaha hiyo wasaini kabla mishale haijachomolewa, na jaji atumie kalamu nyekundu ijulikane ni yake.

Kabla ya kuondoka matundu yote yawekewe alama kwa kalamu. Wanachukia hii kazi, lakini mshale ukigonga ukaruka nyuma utapewa pointi kutokana na tundu ambalo halina alama, na kama hakuna tundu lililowekewa alama utajuaje ni lipi? Yaliyobaki ni mepesi: mshale uliochoma mkia wa mwingine unapata pointi za ule uliochomwa, uliogonga mwingine ukateleza unahesabiwa ulipokaa, uliopiga shabaha ya jirani ni M, yaani haupati pointi.

Ule mstari wa mita 3 ni kwa ajili ya mshale uliomponyoka mtu. Kama sehemu yake yoyote iko ndani ya huo mstari hauhesabiki umepigwa, anaweza kupiga mwingine, lakini asiondoke kwenye mstari kuufuata. Aliyepiga kabla au baada ya muda anapoteza mshale wake wa pointi kubwa kwenye mkupuo huo, na aliyepiga mishale ya ziada anahesabiwa ile midogo. Hapa ndipo mwalimu wa timu atakuja akifoka, mpeleke kwa kamati ya rufaa ya watu watatu ambao hawashindani na hawana mtu anayeshindana, na alete malalamiko kwa maandishi. Wengi wakisikia maandishi wanapoa.

Radi na huduma ya kwanza

Ngurumo ya kwanza ikisikika mitano ya filimbi, watu wote ndani ya jengo au magari, si chini ya mti na si chini ya hema la nguzo za chuma. Hesabu dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho ndio mrudi, na ikinguruma tena unaanza upya hata kama mgeni rasmi amekaa anasubiri kutoa vikombe.

Mtu wa huduma ya kwanza awepo kabla ya mazoezi, geti la gari la wagonjwa lisizibwe na magari ya wazazi, na waelezeni wote kwamba mshale ukimwingia mtu hauchomolewi pale uwanjani, unazuiwa usitikisike na anapelekwa hospitali nao.

Mkimaliza kila mpigaji ahesabu mishale yake na aliyepungukiwa aandikwe. Mshale uliozama kwenye nyasi hauonekani ukiwa umesimama, panga watu mstari mmoja waburute reki polepole, na kama kuna mtu ana kifaa cha kutambua chuma kiazimeni. Usiwaruhusu waende kwenye zawadi kabla hamjaipata, maana Jumatatu ule uwanja unachezewa mpira pekupeku.