Kupointi mtumba Cairo, Tunis na Amman

Koti moja la sufu linaweza kuwa na bei tatu ndani ya wiki moja. Siku belo, yaani furushi la mtumba, linapokatwa, linatundikwa kwenye henga na kuuzwa kwa bei ya kamera, yaani ya daraja la kwanza. Siku mbili baadaye linashushwa mezani. Wiki ikikaribia kwisha liko kwenye lundo ambalo kila kipande ni bei ile ile, fagia tupu, yaani mabaki. Kwa hiyo anayenunua mtumba katika miji ya Kiarabu huanza na kalenda, kisha macho na vidole. Maneno ya kupatana bei huja mwisho, na huokoa kidogo kuliko watu wanavyodhani.

Misri na Jordan biashara hii inaitwa bala, Tunisia ni frip, Iraq ni langa. Swali la kwanza kwa muuzaji yeyote ni belo linafunguliwa lini. Cairo sema "Bitiftahu al-bala imta?" Tunis sema "Waqtash thillu al-bala?" Wengi watakujibu bila kuficha, maana nao wanataka wateja wa siku ya kwanza. Ukitafuta kitu maalumu, mfano koti la ngozi au jinzi ya zamani, nenda siku hiyo asubuhi na ukubali bei. Ukitaka mashati matano ya kazi, subiri siku ya mwisho.

Cairo, soko lenyewe ni Wikalat al-Balah, mtaa wa Bulaq, karibu na Mto Nile. Shuka kituo cha metro cha Gamal Abdel Nasser, ufuate barabara ya 26 Julai kuelekea mtoni. Sehemu moja ni vitambaa vya kukata kwa mita, nyingine ni nguo, na humo ndani kuna aina mbili za bidhaa zinazochanganywa makusudi: bala, yaani mtumba, na "stok", yaani mabaki ya viwanda na maduka ambayo hayajavaliwa. Stok siyo lazima iwe bora. Mara nyingi ni kipande kilichokataliwa kiwandani kwa sababu mguu mmoja wa suruali umekatwa ukapinda. Ikunje suruali hiyo katikati, mguu juu ya mguu: mshono wa pembeni ukizunguka kuja mbele chini ya goti, iache, kwa sababu hakuna fundi wa kuunyoosha. Nguo zilizotundikwa madukani tayari zimechambuliwa, za kwenye stendi za barabarani ni nafuu lakini hukuti kioo wala pa kujaribia.

Tunis, anza na Hafsia, ndani ya mji mkongwe. Frip ya huko hupokea nguo nyingi kutoka Ulaya, kwa hiyo ndiko kwenye sufu, kitani na makoti mazito. Amman, soko la Ijumaa lilikuwa Abdali hadi 2014 lilipohamishiwa Ras al-Ain. Huanza Alhamisi jioni na kwenda hadi Ijumaa usiku. Alhamisi usiku ni wa wanaopointi, yaani wanaochagua vipande bora, na Ijumaa jioni bei hushuka kwa kasi kwani hakuna muuzaji anayependa kufunga mzigo upya. Beirut lipo Souk el Ahad, kando ya mto wa Beirut, Jumamosi na Jumapili.

Sharjah ni habari nyingine. Huko kuna maghala yanayochambua nguo kutoka Ulaya na Marekani na kuzipanga kwa daraja, kisha kuzisafirisha tena. Baadhi ya mabelo ya kilo 45 yanayofunguliwa kwenye masoko ya Karume, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, yamepitia huko. Kama huendi kununua mabelo, huna cha kufanya kule.

Kabla ya kutoka nyumbani, chukua nguo yako inayokukaa vizuri kuliko zote, ilaze mezani, uipime. Shati au gauni: kwapa hadi kwapa, bega hadi bega, urefu wa mkono, urefu kutoka kola hadi pindo. Suruali: kiuno ikiwa imelazwa, kutoka msamba hadi juu ya kiuno kwa mbele, na msamba hadi pindo. Andika kwenye simu. Beba tepu ya fundi. Namba za saizi kwenye lebo za zamani zitakudanganya kila siku: 42 ya Italia ni sawa na 38 ya Ufaransa na 10 ya Uingereza, na nguo ya miaka ya 1960 yenye namba hiyo hiyo kwa kawaida ni nyembamba zaidi kiunoni. Jinzi iliyofuliwa miaka mingi hupungua inchi moja hadi mbili kutoka kwenye namba iliyoandikwa. Vaa fulana nyembamba na suruali ya kubana chini ya vazi la heshima, ili uweze kujaribu koti au sketi juu yake hapo hapo bila kumkwaza mtu.

Nguo ikiwa mkononi, usianze na lebo. Anza na kwapa. Rangi ya manjano iliyoshupaa kama gamba kwenye shati jeupe ni jasho lililochanganyika na madini ya aluminiamu ya dawa ya kwapa, na ikikaa miaka huwa haitoki yote. Kisha nyanyua nguo kwenye mwanga: matundu ya nondo kwenye sufu ni madogo na yamesambaa, na yakionekana matatu, mengine yako njiani. Pitisha kidole ndani ya kola na mwisho wa mikono, ndiko kitambaa kinakolika kwanza. Suruali, tazama msamba na katikati ya mapaja. Vuta kitambaa chenye lastiki uache: kisiporudi, au vikitokea viuzi vyeupe vya mawimbi, lastiki imekufa na haifufuki. Fungua na ufunge zipu mara tatu. Zipu ya kubadilishwa kwa fundi si tatizo kwenye sketi, lakini kwenye koti la ngozi inaweza kugharimu kuliko koti.

Ngozi ya bandia ndiyo inayowaumiza watu wengi. Tabaka la juu la poliuretani huoza kwa unyevu na joto hata kama koti halijavaliwa, na baada ya miaka kadhaa huanza kubanduka vipande vipande. Kunja kiwiko kwa nguvu, utazame kama kuna mipasuko midogo. Ukiona moja tu, rudisha. Ni hivyo hivyo kwa viatu vya michezo vya zamani: bonyeza soli kwa kucha, ikiacha shimo au unga, itavunjika siku ya kwanza ukitembea. Haijalishi kiatu kinang'aa vipi juu.

Sasa umri. Hapa ndipo bei hupandishwa kwa maneno matupu, kwa hiyo jifunze alama chache zisizobishaniwa. Lebo ya "Made in West Germany" haiwezi kuwa ya baada ya muungano wa 1990. Ya Czechoslovakia inaishia 1992. Nembo ya Woolmark, ule mviringo wa nyuzi zilizosukwa, ilianza 1964, kwa hiyo koti lenye nembo hiyo haliwezi kuwa la miaka ya 1950. Nguo ya Marekani yenye maelezo ya kufulia kwa kawaida ni ya 1972 au baadaye, mwaka kanuni ya kuyaandika ilipoanza kutumika. Nguo yenye namba ya RN, yaani namba ya usajili wa kampuni, ni ya soko la Marekani, na namba kuanzia 13670 zilianza kutolewa 1959. Koti la mvua lenye lebo ya Burberrys, na "s" mwishoni, ni la kabla ya jina kufupishwa mwaka 1999. Kwa Levi's, kijitambaa chekundu cha mfukoni chenye E kubwa ni cha kabla ya 1971. Cha e ndogo ni cha baadaye, na hicho ndicho utakachokikuta mara nyingi.

Lebo moja peke yake haitoshi, maana lebo hung'olewa na kushonwa kwingine. Linganisha uzi ulioishikilia na uzi wa mishono mingine: ukiwa mweupe kuliko wote, au matundu ya sindano yakiwa mengi kuliko mishono, imehamishwa. Tazama pia kama vitu vinakubaliana. Gauni linaloitwa la miaka ya 1940 lenye zipu ya plastiki kwa kawaida limebadilishwa zipu, au siyo la miaka hiyo. Fulana zenye mstari mmoja wa mshono kwenye pindo na mikono zilikuwa kawaida hadi katikati ya miaka ya 1990. Waghushi wanalijua hilo na wanashona hivyo hivyo leo, kwa hiyo angalia mchapo: wa zamani umepasuka taratibu kufuata mikunjo ya mwili, wa kughushi umekwaruzwa sawasawa kila mahali.

Vitu vya thamani hasa katika miji hii havikutoka Ulaya. Amman na Beirut utakutana na thobi za wanawake wa Kipalestina zenye tatriz, darizi ya msalaba. Igeuze ndani nje. Darizi ya mkono ina mafundo na nyuzi zinazoruka kutoka ua moja hadi jingine, rangi za nyuma ni zile zile za mbele. Ya mashine ina uzi wa chini wa rangi moja, uliopangika mno, na mara nyingi karatasi au kitambaa kigumu cha kushikilia. Za zamani zaidi zilidariziwa kwa hariri. Uzi wa pamba wa chapa ya DMC ulienea kuanzia miaka ya 1930 na hauzifanyi kuwa bandia. Usishtuke pia kipande cha kifuani, qabba, kikiwa kimechakaa kuliko gauni: wenyewe walikuwa wakikibandua kutoka vazi lililokwisha na kukishonea jipya. Muuzaji akikuambia vyote viwili vina umri mmoja, hapo ndipo pa kupunguza bei. Kabla ya kulipa, lowesha kona ya kitambaa cheupe, ikandamize ndani ya pindo kwenye uzi mwekundu kwa nusu dakika. Ikitoka na wekundu, thobi hiyo haitafuliwa kwa maji kamwe.

Cairo kuna telli ya Asyut, shela ya wavu wa pamba iliyopigwa vipande vya madini bapa. Zilipendwa sana Ulaya na Marekani miaka ya 1920. Ya zamani ni nzito ajabu mkononi na baridi, kila kipande kimekunjwa na kubonyezwa kwa mkono, na kikipitishwa shavuni hakikwaruzi. Ya kisasa nyingi ni nyepesi na zina kingo kali. Usiitundike, uzito wake utaurefusha wavu. Izungushe kwenye bomba la karatasi lililofungwa kitambaa cha pamba. Na muuzaji anayeapa kwamba shela ni ya zaidi ya miaka 100, mwombe risiti inayosema hivyo uone atakavyorudi nyuma: sheria ya Misri namba 117 ya 1983 inahesabu vitu vya kale kwa kipimo hicho cha miaka 100, na kuvitoa nchini bila kibali ni kosa.

Bei. Kwenye lundo la bei moja usipatane kwa kipande. Kusanya vitatu au vinne, uliza bei ya vyote. Kwenye henga, kasoro uliyoiona ndiyo hoja yako: ionyeshe kwa kidole, kimya, kisha taja bei. Mzee wa Cairo mwite "ya hagg", mama "ya hagga", Tunis kijana mwenzako ni "khuya", Amman mtu mzima ni "ammo". "Akhir kalam?" ni kuuliza bei ya mwisho, na ukishaiuliza na akakubali kiasi ulichotaja, kutonunua ni utovu wa adabu. Beba noti ndogo ndogo.

Ukifika nyumbani, usichanganye mzigo huo na nguo zako. Vya pamba na kitani fua kwa nyuzi joto 60, hiyo inaua chawa, kunguni na wadudu wa upele. Sufu na hariri haziwezi moto huo: zifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, ziweke kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki nzima, kisha zipungie hewa. Harufu ya vidonge vya nondo haitoki kwa kufua, inatoka kwa upepo. Tundika kivulini penye hewa, siku kadhaa, ukigeuza ndani nje. Harufu ya stoo na ukungu hupungua kwa kuloweka nusu saa kwenye maji baridi yenye kikombe kimoja cha siki nyeupe kwa lita nne, kisha kufua kawaida. Jiki usiikaribishe: inaua lastiki, inaifanya polista kuwa ya manjano, inakula sufu na hariri, na ikikutana na siki kwenye beseni moja hutoa gesi ya sumu.

Vifungo kaza vyote upya kabla ya kuvaa, hata vile vinavyoonekana imara.