Kabla hujashika probu: mikato ya mwili na lugha ya picha za altrasaundi

Wauguzi, wakunga na matabibu wengi wanaokuja kujifunza altrasaundi huanza na vitufe: hiki cha nini, kile cha nini. Vitufe utavizoea, na kila mashine ina vyake. Kinachomkwamisha mwanafunzi ni kingine. Anaweka probu, kile kifaa cha mkononi kinachotuma na kupokea sauti, tumboni, picha inatokea, na hajui upande wa kushoto wa skrini ni upande gani wa mgonjwa. Mashine haitamwambia. Ukishika probu kinyume itakuchorea ini mahali pa bandama bila kulalamika, na picha itakuwa safi kabisa. Haya ninayoyaandika ni ya kujiandaa nayo nyumbani, kabla ya siku ya kwanza ya mafunzo, kwa sababu mgonjwa akishalala kitandani hakuna muda wa kuyafikiria.

La kwanza ni mwili wenyewe. Anatomia huueleza mwili ukiwa umesimama wima, uso mbele, viganja vikitazama mbele. Hata mgonjwa akilala chali, kifudifudi au ubavu, maneno hayabadiliki: mbele ni upande wa kitovu, nyuma ni upande wa mgongo, juu ni kuelekea kichwani, chini ni kuelekea miguuni. Ukisikia uvimbe uko chini ya figo, usitazame godoro. Tazama kuelekea nyonga. Na kulia ni kulia kwa mgonjwa, hata kama kwako wewe unayemtazama usoni ni kushoto. Inaonekana rahisi hadi mgonjwa ageuzwe ubavu na mtu aseme "sogea juu kidogo", uone mikono inavyokwenda pande zote.

Kisha mikato mitatu. Mkato wa sajitali hushuka kutoka kichwani kwenda miguuni ukigawa mwili sehemu ya kulia na ya kushoto. Mkato wa kukingama, ambao wengi huuita transvesi, hupita kama mkanda wa suruali na kutenga sehemu ya juu na ya chini. Mkato wa koronali hutenga mbele na nyuma. Huu ndio unaoupata ukiweka probu ubavuni na kuielekeza ndani. Papai likikatwa kwa urefu linakupa umbo moja, likikatwa kwa kukingama linakupa duara, na papai ni lile lile. Aota, mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni, ndivyo ilivyo: kwa kukingama ni duara linalodunda, kwa urefu ni bomba. Ukiona kitu cha duara usiseme ni uvimbe wala uvimbe maji kabla hujazungusha probu nyuzi 90 na kukitazama kwa mkato wa pili. Kitu cha kweli huonekana kwa mikato miwili.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya mwanzo hulipita haraka. Viungo havikulala sambamba na mikato ya mwili. Figo zimeinama: ncha ya juu ya kila figo iko karibu zaidi na uti wa mgongo kuliko ncha ya chini. Ukiweka probu wima kabisa sawasawa na mwili, utaikata figo mshazari, nayo itasomeka fupi. Kwa mtu mzima figo huwa na urefu wa sentimita 9 hadi 12 hivi, kwa hiyo kupunjwa sentimita moja na nusu kwaweza kumfanya mtu mzima wa afya aandikiwe figo iliyosinyaa. Dawa yake ni kuzungusha probu kidogo kidogo mpaka figo ifikie urefu wake mkubwa kuliko wote, ndipo upime. Ukisema "mkato wa urefu", jiulize ni urefu wa mwili au wa kiungo.

Sasa alama. Kila probu ina alama upande mmoja: kijimfereji, kinundu au kitaa. Skrini nayo ina alama yake, kwa kawaida juu kushoto. Upande wa probu wenye alama ndio unaochorwa upande wa skrini wenye alama. Kwa tumbo, kanuni ni hii: kwenye mkato wa kukingama, alama ya probu ielekee kulia kwa mgonjwa, hivyo kushoto kwa skrini ni kulia kwake, kana kwamba umesimama miguuni pake unatazama kuelekea kichwani. Kwenye sajitali na koronali, alama ielekee kichwani, hivyo kushoto kwa skrini ni upande wa kichwa. Juu ya skrini siku zote ni pale probu inapogusa ngozi. Ndiyo maana kwenye koronali juu ya skrini si kitovu bali ni ubavu, na wengi hujisahau hapo.

Usiiamini alama kwa macho tu. Paka jeli kidogo kwenye uso wa probu, gusa ukingo mmoja wenye alama kwa ncha ya kidole, na utazame skrini. Mahali picha inapotikisika ndipo ulipo upande huo. Fanya hivyo kila asubuhi, maana kuna kitufe cha kugeuza picha, na aliyeitumia mashine jana usiku huenda alikibonyeza. Watu wa moyo wana desturi yao: kwenye echo ya moyo alama ya skrini kwa kawaida hukaa kulia, na mashine ikiachwa kwenye mpangilio wa moyo, tumbo lako litatoka kinyume.

Kipimo kingine kizuri kiko ndani ya mwili. Weka probu kwa kukingama chini kidogo ya chembe cha moyo, bana taratibu ili gesi ya utumbo isogee, na utafute pingili ya uti wa mgongo: tao jeupe, nyuma yake giza. Mbele ya tao hilo kuna mishipa miwili mikubwa. Ikiwa umeshika sawasawa, aota itakuwa kulia kwa skrini, na vena kava, mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, kushoto. Aota ina kuta nene na hudunda yenyewe. Vena kava ina kuta nyembamba, na ukimwambia mgonjwa avute pumzi puani kwa ghafla, kama anayenusa, hunywea. Usitegemee mdundo peke yake kuzitofautisha, kwa sababu vena kava huazima mdundo wa jirani yake. Zikikaa kinyume, kwanza shuku mkono wako. Wapo watu ambao viungo vyao viko upande wa pili tangu kuzaliwa, lakini ni wachache sana kuliko probu zilizoshikwa vibaya. Na ukiwa hapo hapo, pima aota kutoka ukuta wa nje hadi ukuta wa nje. Ikifika sentimita 3 imetanuka.

Kuhusu sauti yenyewe, yatosha kujua machache. Sikio la mtu husikia hadi hezi 20,000 hivi. Altrasaundi ya hospitali hutumia takriban megahezi 2 hadi 15. Mashine hutuma wimbi, husubiri mwangwi, hupiga hesabu ya umbali kwa kuamini kwamba sauti inakwenda mita 1,540 kwa sekunde katika nyama laini. Masafa ya juu hutoa picha kali lakini hayafiki mbali. Ya chini hufika mbali lakini picha ni ya jumla. Ndiyo sababu probu iliyopinda, ya megahezi 2 hadi 5, ni ya tumbo na mimba, na probu bapa ya masafa ya juu ni ya tezi ya shingo, matiti, korodani na mishipa iliyo karibu na ngozi. Hewa ni adui: kati ya probu na ngozi ikibaki hewa, sauti karibu yote inarudi. Jeli kazi yake ni hiyo tu. Ikiisha, usikimbilie mafuta ya kupaka, yanaharibu mpira wa probu.

Maneno ya rangi ndiyo lugha utakayoongea kutwa. Kisichorudisha mwangwi ni cheusi, na kinaitwa anekoiki: mkojo, nyongo, maji. Chenye mwangwi hafifu kuliko jirani yake ni haipoekoiki. Chenye mwangwi mkali, cheupe, ni haipaekoiki: diaframu, mawe, uso wa mfupa. Kinacholingana na jirani ni aisoekoiki, na hicho ndicho cha kuogopa, maana uvimbe wa aina hiyo hujificha machoni pako. Maneno haya, ukiacha lile la kwanza, hayana maana bila kutaja unalinganisha na nini. Ini na ganda la figo ya kulia hutazamwa pamoja kwenye picha moja: kwa kawaida hulingana, au ini hung'aa kidogo zaidi. Ini likiwa jeupe mno kuliko figo, fikiria mafuta kwenye ini. Lakini kwanza tazama kitufe cha geini, kile kinachokuza mwangwi unaorudi, kwa sababu geini ikiwa juu kila kitu ni cheupe, na ikiwa chini hata nyama ngumu itaonekana kama maji.

Kujua kama cheusi ni maji kweli, tazama nyuma yake. Maji hupitisha sauti bila kuidhoofisha, hivyo kilicho nyuma yake hung'aa kuliko pembeni. Jiwe hufanya kinyume: juu jeupe, nyuma yake kivuli cheusi kilichonyooka. Jiwe la nyongo lina ushahidi mwingine: mgeuze mgonjwa alalie ubavu wa kushoto, nalo litaviringika. Gesi pia hutoa kivuli, lakini chake ni cha kijivu kilichochafuka. Na damu ya ndani si lazima iwe nyeusi. Ikishaganda huwa ya kijivu, ndiyo maana baada ya ajali ya bodaboda unapotazama nafasi kati ya ini na figo ya kulia, ile ya Morison, hutafuti weusi peke yake.

Mkono nao una mambo yake matano: kutelezesha, kuinamisha kama feni, kutikisa upande mmoja hadi mwingine, kuzungusha, na kubana. Fanya moja kwa wakati. Anayefanya mawili kwa pamoja akipoteza picha hajui arudi wapi. Ukitafuta figo ya kushoto, iko nyuma na kwa kawaida juu zaidi kuliko ya kulia. Shusha mkono mpaka vifundo vya vidole viguse shuka.

Mgonjwa aandaliwe tangu siku ya kupewa miadi. Kwa mfuko wa nyongo asile saa 6 hadi 8, na mwambie wazi kwamba chai ya maziwa ni chakula. Utasikia sana: "Sijala mwanangu, nimekunywa chai tu," na mfuko umeshajikunja kwa sababu ya mafuta ya maziwa. Mwenye kisukari anayejichoma insulini apangiwe wa kwanza asubuhi, asiachwe na njaa hadi mchana. Kwa nyonga kupitia tumboni, kibofu kijae: takriban lita moja ya maji saa moja kabla, asikojoe. Chumbani pazia lifungwe, mama afunikwe kanga yake, umwambie jeli ni ya baridi kabla hujaimimina.

Wengi hufika na hofu ya mionzi, hasa kibao cha mlangoni kikiwa kimeandikwa Idara ya Mionzi. Waambie altrasaundi ni sauti. Hiyo haimaanishi uchezee. Nguvu ni ndogo iwezekanavyo na muda ni mfupi unaotosha. Kwa mimba changa mapigo ya moyo ya mtoto yapimwe kwa M-modi, inayochora mwendo kama mstari wa mawimbi, si kwa Dopla, inayopima mwendo wa damu kwa nguvu kubwa zaidi. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza mjamzito apate altrasaundi moja kabla ya wiki 24, kwa hiyo hawa ndio watakaojaa kwenye benchi lako. Mlalo wa mtoto usiusome kwenye skrini peke yake: kama kichwa umekikuta mkono wako wenye probu ukiwa juu tu ya mfupa wa kinena, kimetangulia kichwa, hata picha ikisema vingine.

Kabla ya kubonyeza frizi, kitufe cha kusimamisha picha, hakikisha jina kwenye skrini ni la aliyelala hapo, si la aliyetoka. Andika kulia au kushoto juu ya picha yenyewe. Kwenye ripoti eleza kwanza ulichoona: kiko wapi, ukubwa gani kwa mikato miwili, mwangwi wake ukoje, nyuma yake kuna nini. Jina la ugonjwa lije baadaye, na likikosekana si aibu. Kongosho likifichwa na gesi, andika halikuonekana kwa sababu ya gesi. Usiandike ni la kawaida.