Kitabu cha fedha kwenye simu: anza na jedwali

Riwaya husomeka katika faili ya aina yoyote. Kitabu cha biashara na fedha kina majedwali, na hapo ndipo simu huchemsha. Kabla ya kulipa au kumaliza bando, angalia faili ni ya aina gani.

PDF ni ukurasa usiobadilika. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210, skrini ya inchi 6.5 ina kama 68 tu. Herufi za saizi 12 zinasinyaa zikawa kama 4, na ukizikuza, kila mstari unauvuta kushoto na kulia mpaka uchoke. Ilaze simu, herufi zinapanda hadi 8 na ushee, zinasomeka. Halafu bonyeza neno moja kwa sekunde mbili. Lisiposhikika, hizo aghalabu ni picha za kurasa zilizoskaniwa: huwezi kutafuta neno ndani yake, na faili huwa nzito mno.

EPUB hujipanga upya kufuata upana wa skrini, kwa hiyo kwa sura za maelezo haina mpinzani. Ubaya wake ni jedwali pana: safu ya mwisho hukatwa, au tarakimu hushuka mstari wa chini zikaonekana ni za mwezi mwingine. Kanuni za hesabu zilizowekwa kama picha nazo hubaki ndogo hata ukuze herufi.

Jaribu kwa hesabu unayoijua. Chukua mkopo wa 600,000 kwa miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi. Riba ikitozwa kwenye mkopo wote kila mwezi, jumla ni 144,000. Ikitozwa kwenye deni lililobaki, huku ukirejesha 50,000 ya mtaji kila mwezi, ni 78,000. Muuza samaki wa Deep Sea hapa Tanga anayejifunza kulinganisha mikopo akisoma safu isiyo yake, tofauti ya 66,000 inampita hivi hivi. Kwa hiyo jedwali la aina hii likivurugika kwenye EPUB, tafuta PDF, au kachapishe kurasa hizo tu kwenye steshenari ya Ngamiani.

Sampuli ya bure haisaidii sana: aghalabu ni dibaji na sura ya kwanza, majedwali yako nyuma. Bora maoni ya wasomaji, ila ruka nyota tano zisemazo “kimenibadilisha maisha”. Soma za nyota mbili na tatu, utafute malalamiko ya majedwali na michoro. Amazon huchanganya maoni ya kitabu cha karatasi na cha kielektroniki, basi hakikisha msifiaji alisoma kipi.

Mwenye Kindle, kisomeo cha vitabu cha Amazon, asihangaike kugeuza faili kuwa MOBI, aina yake ya zamani; tangu 2022 huduma ya kutuma faili kwenye Kindle inapokea EPUB. Kwenye simu ya Android, programu ya ReadEra hufungua EPUB na PDF bila intaneti. Ukipakua ukapata faili ndogo ya ACSM, hujaibiwa: hiyo ni tiketi tu, kitabu chenyewe kinashushwa kupitia programu ya Adobe Digital Editions.

Vitabu vingi ni vya Marekani. Sura za 401(k), yaani akiba ya uzeeni ya waajiriwa wa huko, na kodi zao zipite haraka. Hazina kazi Tanga. Za riba, mtaji na mzunguko wa fedha zisome na daftari pembeni. Ukifika kwenye hati fungani (serikali ikikukopa kwa riba), andika pambizoni kiwango cha hapa: zabuni ya hati hizo Benki Kuu huanzia shilingi 1,000,000.