Huwapati mafundi wazuri? Wafundishe mwenyewe, hivi ndo inavyofanyika

Karibu kila mwajiri ninayeongea naye analalamika mafundi hawapatikani, anatangaza nafasi wanakuja watu na vyeti vizuri kabisa, ukiwapa kazi mkononi wanakwama. Mi nimekaa karakana miaka mingi na naamini dawa ni uanagenzi, yaani unamchukua kijana hajui kitu, anajifunza kazi kwako huku anasoma na huku unamlipa. Ila uwe na mpango, maana kijana anayefagia na kutumwa chai mwaka mzima hujamfundisha chochote, umemtumia tu.

Anza na kazi kabla hujatafuta mtu. Kaa na mafundi wako mjiulize, miaka mitatu ijayo tutakwama wapi? Nani anakaribia kustaafu na ndo peke yake anaijua ile mashine? Hapo ndo pa kuweka mwanagenzi. Halafu ivunje hiyo kazi vipande uandike. Usiandike "ajue kuchomelea", hiyo haimsaidii mtu, andika asome mchoro, apime, akate, aunge chuma kikiwa kimelala, kisha kikiwa wima, kisha kikiwa juu ya kichwa chake, na kila kipande kiwe na mwezi wake na sehemu ya fundi kusaini kwamba nimemwona akifanya mwenyewe.

Muda usiubane. Ujerumani mafunzo mengi yanachukua miaka miwili hadi mitatu na nusu, kijana anaenda shule siku moja au mbili kwa wiki, siku zingine yuko kazini. Marekani kipimo kilichozoeleka ni saa 2,000 za kazi na wanapendekeza saa 144 za darasani kwa mwaka. Sio lazima uige hivyo hivyo lakini ona uwiano, kazi ndo nyingi ila darasa halirukwi, kwa hiyo tafuta chuo cha ufundi mkubaliane nani anafundisha nini.

Sasa fundi mlezi, na hapa ndo wengi tunaharibu. Niliwahi kumpa kijana fundi wangu hodari kuliko wote, nikajua nimemaliza. Kumbe kila kijana akichelewa kidogo jamaa anamnyang'anya kifaa anamalizia mwenyewe, maana na yeye ana kazi zake za siku anadaiwa. Miezi minane kijana anashika tochi ya kumulika tu. Nikamhamishia kwa fundi mwingine wa kawaida tu lakini mvumilivu, yeye kila Ijumaa anamwambia unganisha vipande viwili vya bati nene, kikipoa anakibana kwenye jiliwa anampa nyundo, piga mpaka kiungo kivunjike. Wanakaa wanakitazama pamoja, hapa moto haukuingia, hapa kuna vitundu, hapa uchafu umebaki ndani. Yule kijana alianza kuona makosa yake mwenyewe kabla hajaambiwa. Kwa hiyo chagua anayejua kufundisha, mpunguzie mzigo wa kazi kwa saa anazofundisha na umuongeze kitu kwenye mshahara. Ukimwachia afanye vyote viwili atachagua kazi, na huwezi kumlaumu.

Mkataba uwe wa maandishi, hata kama kijana ni mtoto wa ndugu yako. Muda, malipo, saa za kazi, bima akiumia, nani analipia darasa, na itakuwaje akishindwa. Shirika la Kazi Duniani mwaka 2023 lilipitisha Pendekezo namba 208 la uanagenzi bora, na mambo haya ya mkataba, malipo na ulinzi wa mwanagenzi yamo humo. Sheria za kwenu ziulizie ofisi ya kazi, hasa kama kijana hajafika miaka 18. Malipo yapande kadiri anavyomaliza vipande, sio mpaka siku ya mwisho.

Najua swali linalofuata, nikishamfundisha si ataondoka? Wengine wataondoka kweli. Lakini kumfungia cheti kabatini ili asiondoke ni dhuluma na vijana wanaambiana, mwaka unaofuata hupati mtu. Kinachomzuia ni kujua mapema akimaliza ana nafasi gani na mshahara gani, mwambie miezi sita kabla, kwa maandishi. Mwaka wa kwanza hesabu ni hasara tu, ataharibu vifaa na atamla fundi muda, jipange. Baadae anaanza kuzalisha, na Uswisi walipopiga hesabu waliona kampuni nyingi zinarudisha gharama zao mafunzo hata hayajaisha.

Kama ni mara yako ya kwanza chukua wawili, mmoja akiwa peke yake anaishia kuwa msaidizi wa kila mtu. Na mtihani wa mwisho asiusimamie mlezi wake, leta fundi wa nje asiyemjua kijana, mpe ile karatasi yenye vipande, akague kimoja kimoja.