Jiandae Hapa Nairobi kwa Hija ya Camino del Norte

Wenzangu wa parokia wanaoota Camino del Norte, njia ya pwani ya Hispania kutoka Irún hadi Santiago de Compostela, nawaambia waanzie vilima vya Ngong, nje kidogo ya Nairobi. Camino hiyo ni kilomita 800 na ushee za vilima kando ya bahari, na kinachoua magoti ni mteremko. Basi panda Ngong na mzigo wako wote, ushuke polepole hadi Kona Baridi, mwisho wa vilima hivyo.

Viatu viache mbele nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono, maana miguu huvimba. Soko la mitumba la Gikomba utapata vizuri, ila pinda soli kwanza uone kama gundi imekauka ikaachia. Ukihisi joto kisiginoni, simama papo hapo: vua soksi, kausha mguu, bandika plasta. Usingoje lengelenge, tafadhali.

Kule Hispania fuata mishale ya manjano. Kwenye bandari ya Pasaia utavuka kwa mashua. Koti la mvua likae juu kabisa kwenye begi. Kilomita 100 za mwisho, gongesha mihuri miwili kila siku kwenye kitabu cha hujaji, la sivyo cheti cha kumaliza hija hupewi. Viza ya Schengen, ya kuingilia Hispania, omba mapema.